Gurudumu la Nne la Asbjørn

Asbjørn Nordmoen alianza kubadilisha matairi ya gari lake kwa mikono yake mwenyewe tangu ujana, mara mbili kwa mwaka, na kama kulikuwa na jambo jingine alilolishika kwa uaminifu kama huo, mkewe Gunnvor hakulikumbuka. Kanisani alikwenda Krismasi. Kura alipiga akikumbushwa. Lakini Jumamosi ile baada ya Pasaka, ya mwisho kabla sheria haijapiga marufuku matairi yenye vichuma vya kung'ata barafu, hakuna aliyewahi kumkosa nje ya nyumba yake, na jeki mkononi.

Hakuwa peke yake. Siku hiyo mtaa mzima pale mjini Elverum hutoka na majeki, na mtu husomwa kwa matairi yake. Aliyewahi mno ana papara. Aliyechelewa, vichuma vyake vikichakarisha lami kavu, huona mapazia yakisogea. Na aliyepeleka gari kwa fundi ana hela nyingi au ana ugonjwa, na vyote viwili si mambo ya kuulizana.

Asbjørn alikuwa na ugonjwa. Januari alipasuliwa moyo, na daktari akamkataza kuinua chochote kinachozidi ndoo ya maji. Gurudumu la gari lake jipya la umeme lilizidi ndoo mbili. Gari lenyewe alilichagua kwa rangi. Alitaka la buluu, na la buluu lililokuwepo dukani likawa ndilo lenye nguvu kuliko yote: ukiligusa tu linaondoka kama limetukaniwa mama yake.

"Mzee wangu, lipeleke kwa fundi," alisema Gunnvor.

"Kwani mimi mgonjwa tangu lini?"

"Tangu Januari. Mimi nilikuwepo. Wewe ulikuwa umelala."

"Nitabadilisha mwenyewe."

"Basi tununue matairi ya misimu yote, uyafunge mara moja yaishe."

"Hayo ni ya Wadenmark, wasioijua theluji," alisema Asbjørn, na kwa watu wa Elverum tusi hilo halihitaji nyongeza.

Jumamosi ikafika. Gunnvor akapanda treni kwenda kwa dada yake mjini Hamar, baada ya kuahidiwa kwamba hakuna kitakachoinuliwa. Treni ilipokata kona, Asbjørn alikwisha piga jeki. La kwanza lilikwenda. La pili likamtoa jasho. La tatu alilifunga kwa ubishi mtupu. La nne alipolikumbatia, kitu kikamvuta chini ya kovu la kifuani. Akaliachia taratibu, akalikalia.

Gari lilikuwa hewani, kona moja bila mguu. Mkewe akirudi alikute hivyo, ahadi yake ni uongo na moyo wake ni mbovu, na baada ya hapo hata kuni za jiko zingechukuliwa mikononi mwake. Hilo ndilo lililomkaa rohoni. Kifo hakukifikiria sana.

Majirani walipita.

"Jua leo!"

"Jua kweli."

"Unapumzika?"

"Kidogo tu."

Wakaendelea na safari zao. Kumuuliza mtu mwenye magurudumu matatu kama anahitaji msaada wa la nne ni kumwambia mbele ya nyumba yake kwamba amekwisha. Kwa heshima waliyokuwa nayo kwake, wangemwacha afe pale pale.

Mwishowe aliyevuka barabara ni Turid Lillebo, mjane wa nyumba ya mkabala, aliyestaafu kazi ya posta. Alikuja na chupa ya kahawa na vipande vya mkate vyenye jibini la kahawia, akakaa juu ya sanduku la spana bila kukaribishwa.

"Umekalia hilo tairi muda mrefu, Asbjørn. Ungekuwa kuku, ungeshaangua."

"Napumzika."

"Pumzika. Mimi nanywa kahawa yangu."

Wakanywa. Theluji iliyobaki kivulini ilidondoka toka bati.

"Siwezi kuliinua," Asbjørn alikiambia kikombe.

Turid hakumpa pole, na kwa hilo Asbjørn alimshukuru maisha yake yote.

"Mwaka jana ulinisifu," alisema Turid. "Ulisema namaliza upesi kuliko vijana."

"Nilisema. Unamaliza kweli."

"Namaliza upesi kwa sababu sibadilishi kitu. Nina ya misimu yote, mwaka wa nne huu. Napiga jeki, nalizungusha gurudumu, nashusha, nakwenda la pili."

Asbjørn alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mchungaji haamini.

"Hata la nyuma?"

"La nyuma nalipiga teke kidogo, lionekane gumu kutoka."

Akainuka, akachomoa sepetu kwenye kitalu cha Asbjørn, akaichomeka chini ya gurudumu. Yeye alikanyaga mpini, Asbjørn akaelekeza matundu, na gurudumu likapanda lenyewe kama mtoto anayeamshwa kwenda shule. Nati alikaza Asbjørn, kila moja.

Gunnvor aliporudi aliambiwa yote, hata sepetu, hata teke la Turid. Hakugomba. Jumatatu aliendesha yeye, Asbjørn pembeni, moja kwa moja hadi kwa Ketil, muuza matairi.

"Mzee unaendeshaje?" Ketil aliuliza.

"Polepole."

Gunnvor akakohoa. "Taa zikiwa nyekundu."

Ketil alielewa. Akasema gari hili ni zito kwa betri na linavuta ghafla. Matairi ya kawaida ya misimu yote litayatafuna mwaka haujaisha. Akavingirisha lingine: mbavu ngumu za kubeba uzito, la kushika kona lami ikiwa na maji, na ubavuni alama ya mlima na chembe ya theluji, kwa hiyo majira ya baridi polisi hawana neno.

"Chaji litakula?"

"Kidogo. Hutalia."

"Kasoro yake?"

"Barafu tupu, ile ya kioo. Pale vichuma vitakushinda. Asubuhi kama hizo ukae nyumbani."

Daktari alikuwa amemwambia maneno hayo hayo, Asbjørn akamnunia wiki nzima. Kutoka kwa muuza matairi aliyapokea kama ushauri wa kiufundi.

"Funga," alisema. "Yote manne. Wewe."

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, umande ulipoanza kuganda, mtaa ulitoka na majeki. Asbjørn naye alitoka. Alipiga jeki, akalizungusha gurudumu, akalikagua kwa uso wa mtu mwenye kazi, akashusha. Ng'ambo ya barabara Turid alikuwa ameshafika la tatu.

"Bado uko imara, Asbjørn!" jirani mmoja alipaza sauti akipita.

"Tunajikongoja."

Dirisha la jikoni likafunguka, Gunnvor akatoa kichwa.

"Mzee wangu," alisema kwa sauti ya chini, "hilo la nyuma hujalipiga teke."