Vidole vya Msasa Vimekufa Ganzi

Saa moja na robo asubuhi. Vidole viwili vya mkono wa kulia wa fundi huyu ni vyeupe kama vilivyopakwa chokaa. Anavisugua pajani, anavipulizia, kisha anawasha grenda ndogo.

Mbele yake, kwenye jiriwa, imebanwa manifodi ya aluminiamu: bomba la matawi manne linaloingiza hewa kwenye injini. Kiwandani hutoka na kingo na mikwaruzo ndani. Kazi yake ni kuyapanua matawi hayo na kuyalainisha ili injini ivute hewa nyingi zaidi. Mtaani wanamwita Msasa. Ana miaka hamsini na minne, na zaidi ya nusu yake imeishia kwenye vumbi la chuma.

"Injini ni kama mkimbiaji," anasema. "Mzibe pua, umlishe unavyotaka, hafiki."

Ndani ya matawi macho hayafiki. Siku zote amepima kwa vidole, akifumba macho. Lakini mtetemo wa grenda umevitia ganzi. Mwezi uliopita alidhani ukuta wa tawi bado mnene, akaendelea kukata, akautoboa. Manifodi ile ilikuwa ya dereva wa mashindano ya magari, mteja wake wa miaka mingi. Leo dereva huyo ameleta nyingine.

"Sikuja kukubembeleza, fundi," anasema akiegemea mlango. "Ukitoboa na hii, nahama. Na wenzangu nitawaambia."

"Waambie, mdomo wako," Msasa anajibu bila kuinua kichwa. "Nimechoka, sijafa."

Pembeni, chini ya dirisha, kuna cherehani ya mkewe, ambaye ni mshonaji. Chumba wamekipanga pamoja. Tangu siku ile ya tundu, yeye ndiye anayempimia.

"Mwanzoni nilimcheka," mke anasema. "Nikamwambia, ulinioa nishone nguo, sasa unanishonesha magari? Lakini pindo likizidi uzi mmoja mimi najua bila kuangalia."

Grenda inanyamaza. Mke anaubana ukuta wa tawi la tatu, kidole cha shahada ndani, gumba nje. Anasita.

"Hapa acha."

"Ukingo bado upo," Msasa anasema.

"Upo, lakini nyuma yake pamebaki ganda la kitunguu. Acha, baba."

"Shemeji, mimi nataka hewa nyingi," dereva anadakia.

"Utaipata nyingi sana, tena kupitia tunduni."

Msasa anabaki ameishika grenda. Mwishowe anachomoa waya ukutani.

"Kumsikiliza naweza," anasema baadaye. "Kinachouma ni kwamba kazi hiyo ilikuwa ya mkono wangu." Akijaliwa, mwakani ataacha kukata kabisa. Wengine wakate, yeye na mkewe wapime na kufunga.

Saa tisa alasiri manifodi imeshafungwa garini. Dereva anawasha injini. Msasa ananyunyiza dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio, kisha juu ya tawi la tatu. Kukiwa na tundu, injini itaivuta dawa na mlio utabadilika.

Haubadiliki. Dereva anakanyaga mafuta, anaachia, anakanyaga tena.

Anazima. Anafungua buti na kutoa manifodi ya dereva mwenzake, imeviringishwa kwenye gazeti. Anaipita meza ya fundi bila kusimama, anaiweka juu ya cherehani.