Waajemi wa Kale Darasani Kasaji

Niliondoka Kolwezi kwa sababu ya simu ya Mama Béatrice, mkuu wa shule ya watu wazima mjini Kasaji, ambaye nilisoma naye. Mwalimu wake wa historia alikuwa amevunjika mguu, na mtihani wa serikali ulikaribia.

"Kuya utusaidie, mwalimu," aliniambia. "Somo la Waajemi bado. Tena kuna mama mumoja anataka kuacha masomo."

Asubuhi ya Jumatatu nilipanda lori la wauza unga wa mahindi, maana hakuna aliyejua treni ingeondoka lini. Tulipishana na malori ya madini hadi vumbi jekundu likatufanya sote tufanane, kisha migodi ikaisha, pori likaanza.

Kabla ya kufika mji wa Mutshatsha mvua ilitukuta na lori likazama matopeni. Mama Ngoie, mkulima aliyeishi kando ya barabara, alituita nyumbani kwake, watu wote, akatupikia bukari, ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo. Nilipoonyesha wasiwasi wa kuchelewa, alinisogezea sahani. "Tata, kula. Barabara haitakimbia." Kesho yake jirani yake alinibeba kwa pikipiki. Penye vijito tuliisukuma pamoja, magoti yakiwa majini.

Kasaji nilifika nimelowa, nikaingia darasani na viatu vya kuazima. Karibu na mlango alikaa Mama Teresa, muuza samaki wakavu, mfuko mapajani. Alikulia Angola, na Kichokwe ndicho alichokimudu, Kifaransa kilimshinda.

"Mi nimekuya kuaga tu," alisema.

Nilimwomba asikilize somo hilo moja. Nikaeleza kwamba dola la Waajemi lilienea kutoka Mto Indus hadi Misri, na mfalme hakuweza kuwa kila mahali. Kila jimbo aliliwekea gavana, kisha akatuma wakaguzi wake wamchunguze gavana huyo. Katika barabara kuu paliwekwa vituo vya farasi wapya, ujumbe usilale njiani. Mataifa yaliachiwa miungu na desturi zao. Koreshi, mmoja wa wafalme wao, ambaye wote walimsikia kanisani, aliwaruhusu Wayahudi warudi kwao kujenga hekalu. Na makarani wa dola waliandika kwa Kiaramu, ambacho hakikuwa lugha ya mfalme, kwa kuwa wengi walikielewa.

Mama Teresa akainua mkono. "Kama mufalme hakulazimisha batu baseme luga yake, juu ya nini shiye tunalazimishwa?"

Nilimjibu kwamba mtihani ungekuwa kwa Kifaransa na sikuwa na uwezo wa kuubadili. "Lakini somo ulielewe kwanza kwa lugha yako. Simama utueleze."

Alisimama. Alieleza kwa Kichokwe, taratibu, halafu kwa nguvu. Karani mmoja wa reli, Tata Kasongo, aligeuza maneno yake kwa Kiswahili, na wengine wakayatafutia Kifaransa, wakibishana.

"Na bale balikatala kulipa kodi?" Tata Kasongo akauliza.

"Waliletewa jeshi," nikasema.

"Kumbe huruma ya mufalme ilikuwa na mupaka," alisema Mama Teresa. Akauweka mfuko wake chini.

Juma zima tulisoma hivyo. Siku ya kurudi, treni ilikuja kweli, na darasa lote lilinisindikiza stesheni na mihogo ya kuchemsha. Njiani nilitazama pori likipita, nikawashukuru moyoni mmoja mmoja, Mama Ngoie na jirani yake pia.

Matokeo yalipotoka, Mama Béatrice alinipigia: Mama Teresa amefaulu. Akampa simu. Alianza kwa kunishukuru kwa Kifaransa safi, "Merci, monsieur le professeur," kisha akahamia Kichokwe, akasema kwa muda mrefu, akicheka na kulia. Nilielewa maneno machache sana. Miaka yote nimefundisha habari za wafalme na mataifa yao, na ni siku hiyo nilijifunza kukaa kimya nikimsikiliza mtu kwa lugha yake mpaka amalize.