Nusu ya Wiki Yangu

Niliomba kupunguziwa vipindi mwaka ambao binti yangu alianza kumwita shangazi yake mama.

Nilikuwa nafundisha kemia katika shule ya sekondari ya binafsi huko Matongo, upande wa Tarime, na mtoto wangu alikuwa Ikoma, wilaya ya Serengeti, kwa wifi yangu. Hatukupanga iwe hivyo. Mume wangu ni mpishi kwenye kambi ya watalii karibu na lango la hifadhi, na kazi yake humweka kambini wiki kadhaa mfululizo kabla ya kupewa mapumziko. Mimi nilipopata ajira Matongo, mtoto alikuwa ameacha kunyonya juzi tu. Nikapanga chumba, nikatafuta msichana wa kunisaidia. Alikaa nasi muhula mmoja, akaolewa. Ndipo wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye hakujaliwa kupata mtoto, akasema, "Mlete huku kwanza, mpaka upate mtu." Mtu hakupatikana, na mtoto akazoea huko.

Nilikuwa naenda kila mwisho wa wiki nilipoweza. Ijumaa vipindi vikiisha napanda gari hadi Mugumu, kutoka hapo nachukua pikipiki. Nikifika mara nyingi nakuta ameshalala. Jumamosi ananitazama kama mgeni aliyeleta biskuti. Jumapili anapoanza kunizoea, anapokuja mwenyewe kukaa mapajani kwangu, ndiyo saa ya kuondoka.

Jumamosi moja alijikwaa kwenye kizingiti cha jikoni, akachubuka goti. Nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote. Nikanyoosha mikono. Akanipita akilia, akamkimbilia shangazi yake aliyekuwa anachambua mchicha, akamwambia, "Mama, damu."

Wifi alishtuka kuliko mimi. "Mama ni yule pale," akamwambia haraka, akinionyesha. "Nenda kwa mama."

Mtoto akaniangalia, kisha akaficha uso kwenye khanga ya shangazi yake. Nikasema si kitu, mwache tu. Nikaenda kuteka maji ambayo hayakuwa yamepungua.

Jumatatu, kabla wanafunzi hawajapanga mstari wa asubuhi, nilikuwa nimeshabisha hodi ofisini kwa mkuu wa shule. Nikamwomba anibadilishie mkataba, niwe mwalimu wa muda, nifundishe nusu ya vipindi vyangu. Ni mtu mpana, mwenye sauti ya kanisani, na hapendi mambo marefu. Aliuliza sababu, nikamwambia ni mtoto. Akatikisa kichwa taratibu.

"Walimu wa kemia hawaokotwi njiani, madam. Afadhali nusu yako kuliko kukukosa kabisa."

Nikasaini. Siku hiyo nilifundisha kama mtu aliyeahidiwa safari. Usiku sikumpigia mtoto simu kumwambia, kwa sababu hakuwa na umri wa kuelewa mkataba, lakini moyoni nilikuwa tayari nimeshafika Ikoma na kukaa.

Kisha ratiba mpya ikabandikwa ukutani kwenye ofisi ya walimu. Nilikuwa nimepewa vipindi viwili kila siku, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kimoja asubuhi mapema na kingine baada ya chakula cha mchana. Vipindi vilikuwa nusu, kama nilivyoomba. Lakini wiki yangu nzima ilibaki Matongo, na mshahara nao ukawa nusu.

Ule muhula nilimkumbuka mwanangu kwa namna ambayo sikuwahi kumkumbuka nilipokuwa na kazi nyingi. Kazi nyingi humfunika mtu. Sasa nilikuwa na saa tupu katikati ya kila siku, nimekaa chini ya bati linalochoma, nikisikia malori yakipita na mawe kutoka mgodini. Mchana walipolipua baruti huko shimoni, ardhi ilitetemeka kidogo na chupa za maabara zikagongana kabatini. Nilikuwa nikinyanyuka kwenda kuzishika, nisijue hasa nashika nini. Nilikumbuka harufu ya shingo yake anapoamka. Nilikumbuka vile anavyoshika sikio langu kwa vidole viwili anaposinzia, nikajiuliza sasa analishika la nani.

Jioni nilipiga simu. Mimi ni Mkurya, mzaliwa wa Gorong'a; Kiikoma nakisikia kwa mbali, maneno mengine yanafanana na yetu, mengine hapana. Yeye alikuwa anaongea kwa kasi, Kiikoma kitupu, akicheka, kisha wifi anachukua simu na kuniambia alichosema: ameona tembo ng'ambo ya shamba, mbuzi amezaa, hataki uji usio na sukari. Mtoto niliyemzaa mwenyewe alikuwa anatafsiriwa kwangu.

Katikati ya muhula nikarudi ofisini kwa mkuu.

"Mkuu, naomba tuzungumze tena habari ya saa zangu."

"Zimekuwa nyingi?"

"Hapana. Zimetawanyika."

Akavua miwani. "Lakini una vipindi vichache. Ukimaliza si unaondoka?"

"Niende wapi, Mkuu? Ikoma si ng'ambo ya barabara. Namaliza kipindi cha asubuhi, nakaa nasubiri cha mchana. Na katikati hapo sikai bure. Naandaa maabara, naosha vyombo, nasahihisha. Hizo saa hazimo popote."

"Kipindi kinaanza kengele inapolia," alisema, si kwa ukali. Ndivyo alivyozoea kuhesabu.

"Kengele ikilia kidato cha nne wakaingia wakakuta meza tupu, wataanza kupima nini?"

Hapo akacheka. Akageuza kiti akaitazama ratiba kubwa iliyokuwa nyuma yake. Akaniambia kuwa hana ubaya nami. Shida ni kwamba nikitaka siku zangu zikae pamoja, Jumatatu hadi Jumatano, lazima asubuhi za siku hizo zitoke kwa mtu. Mwenye asubuhi hizo alikuwa mwalimu wa historia. "Kaa naye," akasema. "Akikubali, mimi sina neno."

Mwalimu wa historia ndiye aliyekuwa mkubwa kwetu wote kwa umri. Alikuwa anatoka Gorong'a kila siku kwa baiskeli, na alikuwa akimfahamu marehemu baba yangu. Nilimkuta kwenye benchi nje ya maabara, anakula muhogo wa kuchemsha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Kaa."

Nikamweleza yote: ratiba, Ikoma, mpaka habari ya goti. Sikuwa nimemwambia mtu habari ya goti. Alisikiliza huku ameshika kipande cha muhogo bila kukila. Nilipomaliza akasema, "Chukua."

"Nichukue nini?"

"Hizo asubuhi. Mtoto ni mtoto. Mimi nitaingia mchana."

Alikubali upesi mno. Mtu aliyefundisha miaka mingi hatoi asubuhi zake, wakati watoto wana akili changamfu, kirahisi hivyo. Nikamuuliza kwa nini alizipenda asubuhi tangu mwanzo. Akazungushazungusha maneno, kisha akaniambia. Mke wake alikuwa amepooza upande mmoja. Jirani yao, mama mmoja mwenye watoto wake na shamba lake, alikubali kukaa naye mpaka saa ya chakula cha mchana. Baada ya hapo lazima mwalimu awe nyumbani, amgeuze, amlishe.

"Na ukiingia mchana, nani atamlisha?"

"Tutaona," alisema.

Nilikaa pale nikimtazama. Nilimtaka mtoto wangu kiasi kwamba kwa muda mfupi nilitaka kulikubali hilo "tutaona" lake na kuondoka nalo. Kisha nikamwona mama yule kitandani Gorong'a, kijiji nilichozaliwa, anasikiliza baiskeli ambayo haiji.

"Hapana, mwalimu," nikasema. "Baki na asubuhi zako. Mchana ni wa nani?"

"Mchana?" Akacheka. "Mchana hauna mwenyewe. Kila mtu anaukimbia."

Ni kweli. Baada ya ugali, chini ya bati, hata mwanafunzi bora anasinzia amekaa wima. Ndiyo maana kila mwalimu mwingine alikuwa amesukumiwa kipindi kimoja kimoja cha mchana na kila mwalimu alikuwa akilalamika. Tukaanza kuongea, yeye akichora chini kwa kijiti. Vipi kama mimi ningebeba mchana wote wa Jumatatu, Jumanne na Jumatano, vipindi viwili viwili mfululizo, na kuvifanya vya vitendo? Mtu hasinzii akiwa na moto mbele yake na chupa mkononi. Asubuhi za siku hizo ningeandaa maabara na kusahihisha. Alhamisi na Ijumaa nisiwepo.

"Twende pamoja," alisema, akakunja mabaki ya muhogo kwenye gazeti akanitangulia ofisini.

Mkuu alisikiliza amesimama. Alipoelewa kwamba walimu wengine watafurahi kuondolewa mchana, akakaa. Tulibishana kidogo juu ya asubuhi zangu. Yeye alitaka zihesabiwe kama muda wangu binafsi. Mimi nikasema zikiwa zangu binafsi basi nitazilalia. Mwalimu wa historia akasema kwa upole, "Mkuu, hata mkulima hahesabiwi siku ya kuvuna peke yake." Zikaandikwa kwenye mkataba kuwa ni kazi, na mshahara ukasogea juu kidogo kuzifuata. Nikaomba jambo moja zaidi: nikiitwa Alhamisi au Ijumaa kwa mtihani, nirudishiwe siku hiyo wiki inayofuata. Akanitazama juu ya miwani, akasaini.

Alhamisi ya kwanza niliamka Ikoma. Nilikuwa nimefika jana yake usiku, nikalala kando yake. Sikuwa na haraka ya kitu chochote. Nilimtazama akigeukageuka, mdomo wazi, jasho kwenye nywele, na nje ndege wanapiga kelele kama wamelipwa. Akafungua macho, akaniona, akakaa kitako akauliza kwa Kiikoma neno ambalo nililielewa: yuko wapi? Nikamwonyesha mlango. Akashuka kitandani akaenda.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, lakini liliuma vilevile. Nilingoja. Nilikuwa na Ijumaa pia, na Jumamosi, na wiki inayofuata. Tulipukuchua mahindi pamoja, nikamfundisha kuhesabu kwa Kikurya, akanicheka nilipojaribu kusema kama wao. Mvua za vuli zilipoanza alikuwa anaingia mwenyewe kitandani kwangu alfajiri na kunishika sikio.

Wifi alikuwa mtu wa nyimbo jikoni, nyimbo zikakatika. Ijumaa moja tulikuwa tunachambua maharage uani, mtoto anacheza mbali kidogo, akasema bila kuniangalia, "Wifi, nikikwambia ukweli utakasirika?"

"Sema."

"Nilikuwa naomba usipate huo mkataba. Kanisani kabisa, nimepiga magoti."

Mikono yake iliendelea kutoa mawe kwenye maharage. Nilifikiria zile simu za jioni, alivyonieleza kila alichosema mwanangu, hata pale mtoto alipokataa kuongea nami, akatunga kitu ili nisiumie.

"Mimi nilikuwa naomba usahau kumpikia," nikamwambia, "ili anililie."

Akaniangalia. Tukacheka, kisha yeye akajifuta macho na ncha ya khanga.

"Asubuhi nimezoea kumwogesha," alisema. "Ukiwepo sijui nifanye nini na ile saa."

"Mwogeshe. Hata nikiwepo."

"Alhamisi pia?"

"Alhamisi pia."

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi nasikia maji yakimwagika nyuma ya nyumba, na wawili hao wakiongea Kiikoma upesi upesi, sasa nakielewa karibu chote. Nakaa jikoni nakoroga uji. Nina hamu ya kutoka nikashike kile kitambaa cha kumwogeshea. Najizuia mpaka akaushwe, apakwe mafuta, aje mwenyewe akikimbia.