Sauti ya Gölin na Godoro la Nyasi

Backes Gölin Matsdotter, binti wa Backes Kerstin aliyemtimua dubu kwa kugonga kifuniko cha chungu, mjukuu wa Backes Anna aliyejifungua asubuhi, na jioni ileile akakamua ng'ombe kama kawaida, ndiye mwanamke wa mwisho wa kijiji chetu kupandisha ng'ombe wa wanakijiji malisho ya mlimani ya Granåsen kila kiangazi. Backes ni jina la shamba lao. Kwetu jina la shamba hutangulia, la mtu hufuata.

Na yeye alikuwa na lake la kutajiwa: kuita. Akisimama kwenye jabali la ziwani akafungua koo, sauti yake nyembamba ilivuka maji, ikapanda mlima wa pili, na ng'ombe waliokuwa wametawanyika msituni wakainua vichwa. Majros, kiongozi wao mwenye kengele kubwa, hakumtambua mwitaji mwingine. Wanaume wazima walijaribu, yeye akaendelea kutafuna. Majros asipokuja, hakuna anayekuja.

Basi fikiria kiangazi kile, Gölin ameshavuka miaka hamsini, sauti hiyo ikamkimbia.

Ilianza nyasi zilipochanua. Macho yakawasha kama yametiwa vitunguu, pua ikachuruzika, chafya zikafuatana mpaka akashika nguzo. Watu wa mjini huuita mzio wa chavua, lile vumbi la maua. Sisi tulisema mafua ya nyasi na kumcheka mwenye nayo. Daktari alimpa vidonge. Vilimkausha pua, siwezi kuvisingizia, lakini vilimtia usingizi mpaka akasinzia ameegemea ubavu wa ng'ombe, na ndoo ya maziwa ikapigwa teke.

Siku chache baada ya sherehe ya katikati ya kiangazi, aliita jioni akatoa mkwaruzo mtupu. Ng'ombe walirudi kwa mazoea, mmoja baada ya mwingine, ila Krusa. Krusa alilala msituni. Asubuhi alirudi ana mchubuko mrefu pajani, na kwenye tope la kijito kulikuwa na nyayo za dubu.

Habari kama hiyo haikai juu mlimani. Kesho yake Ollas Erik, jirani aliyekuwa akileta chumvi na unga kwa trekta, alifika na maneno.

"Wee Gölin, umekuwa chura siku hizi? Jana nimekusikia toka darajani nikadhani ni mlango unalia."

"Shusha chumvi, Erik. Mlango unaolia ni wenu, na mwenyewe ameshindwa kuutia mafuta tangu aoe."

Erik akacheka, kisha akaacha kucheka. "Wenye ng'ombe walikaa kikao. Wanasema akilala mwingine msituni, wanawashusha wote. Jumamosi nakuja na lori. Wakirudi kwa sauti yako, narudi na lori tupu. Wasiporudi, malisho yanafungwa."

"Yafungwe na nani?"

"Usinimalize mimi, nimetumwa tu."

Gölin alibeba gunia la chumvi mwenyewe, akaingia ndani. Lisbet, binti wa kaka yake, msichana aliyeacha kazi ya kuoka mikate mjini aje kujifunza kwake, alimkuta amekaa kitandani, mkono umeshika godoro.

"Shangazi, tumwambie daktari abadilishe vidonge?"

"Tutamwambia nikishuka. Kifua kikianza kunibana nitashuka leo hii, sina ujinga huo. Lakini kifua changu kizima. Ni pua tu inayonitukana, na pua nitaitafutia dawa."

Akaitafuta kweli. Dada yake Erik alimpa chai ya kamomili, ikamwasha koo hadi masikioni, maana kamomili nayo ni ua kama maua mengine. Alikunywa mchuzi wa majani ya kuwasha yaliyochemshwa, akashiba. Alilamba asali ya mzinga wa jirani kila asubuhi. Ilikuwa tamu sana, pua haikujali.

Alhamisi ikanyesha. Mvua ilishuka tangu alfajiri, na Gölin alikuwa kwenye chumba cha jibini akingoja chungu kikubwa kichemke. Chumba kile kina sakafu ya mawe inayosuguliwa kila siku, dirisha dogo la upande wa ziwa, na benchi moja. Akalala pale kwenye benchi. Lisbet aliingia na kuni akamkuta anaamka.

"Shangazi!"

"Nini? Chungu kimemwagika?"

"Umeongea."

"Kwani nilikuwa bubu?"

"Umeongea kwa sauti yako. Na hujapiga chafya hata moja."

Gölin akagusa pua yake kama mtu anayehakikisha kitu hakijaibwa. Kavu. Akafikiri ni mvua, na mvua ilikuwa imesaidia, kwa sababu inalaza vumbi lote chini. Lakini alipoingia chumba cha kulala kuchukua mtandio, chafya tatu zilimpokea mlangoni, na nje bado inanyesha.

Akasimama pale pale akatazama chumba alichorithi kwa mama yake.

Kila kiangazi, tangu enzi za Anna, godoro la Granåsen hujazwa nyasi mpya za uwandani, zilizokaushwa pamoja na maua yake, linukie vizuri. Sakafuni humwagwa majani mabichi kwa ajili ya sherehe. Ukutani mataji ya maua. Kerstin alikuwa akiwaambia wanawe kwamba chumba kisicho na hayo ni chumba cha mwanamke mvivu, na Gölin hajawahi kuitwa mvivu na mtu yeyote. Mwaka ule, kwa kuwa alikuwa anaumwa, alijaza godoro mara mbili ili alale vizuri. Alikuwa analalia ugonjwa wake na kujifunika nao.

Akakung'uta mtandio wa jana dirishani. Vumbi la njano likaruka.

"Lisbet! Toa godoro."

"Nilipeleke wapi?"

"Nyasi wape ng'ombe, kitambaa kwenye maji ya moto. Yale mataji toa. Majani ya sakafuni fagia, kisha piga deki. Na yale maua uliyoweka chini ya mto wako uote mchumba, hayo pia."

Lisbet akaona haya. "Shangazi umejuaje?"

"Nimeyaweka miaka mingi kuliko wewe. Nimemwota Erik mara moja, nikaacha."

"Na bibi Kerstin angesema nini?"

Gölin akatungua taji la kwanza ukutani. Lilikuwa jambo gumu kwake kuliko dubu. "Angesema mimi mvivu," alisema. "Halafu angesikia ng'ombe wanarudi, akanyamaza."

Walijaza kitambaa maranda ya mbao ya msonobari, wakahamishia kitanda chumba cha jibini. Jioni, Gölin aliosha nywele ziwani kabla ya kulala, na nguo za nje zikabaki nje. Asubuhi na jioni alisuuza pua kwa maji yaliyochemka yakapoa, yametiwa chumvi kidogo, akiyamimina kwa kile kikombe chenye mdomo cha krimu. Mara ya kwanza alikohoa na kutukana. Mara ya pili alinyamaza. Mchana wa upepo alikaa ndani na madirisha yamefungwa, akitengeneza jibini, akamwachia Lisbet kazi za uwandani.

Jumamosi ilikuwa kavu, upepo wa kusini, nyasi zinafuka vumbi. Siku mbaya kabisa. Jioni Erik alifika na lori, hakuzima injini.

"Zima," alisema Gölin. "Wanyama hawataki kelele zako."

"Gölin, sikia, kama ikishindikana hakuna wa kukucheka."

"Wewe ungekuwa wa kwanza. Zima."

Hakupita uwandani. Alizunguka kwa kijia cha ufukweni, mtandio wenye unyevu umefunika pua na mdomo, mpaka kwenye jabali, ambako upepo ulikuwa umevuka maji matupu. Lisbet na Erik wakasimama nyuma yake. Gölin akavua mtandio. Akaita.

Sauti ikatoka kidogo imekwaruza pembeni, Lisbet aliisikia akauma kidole. Kisha ikasafika, ikapanda, ikavuka ziwa, ikagonga mlima, ikarudi. Kimya. Erik akatazama viatu vyake. Gölin akaita tena, juu zaidi, bila haraka.

Kengele ya Majros ikajibu msituni.

Walitoka mmoja mmoja kati ya misonobari, Majros mbele, Krusa katikati na paja lake linalopona, mpaka ndama wa mwisho. Erik akavua kofia, akaivaa.

"Haya," alisema, "nitawaambia wenye ng'ombe kwamba chura ameondoka."

"Waambie pia waje kufyeka uwanda huu mwakani kabla nyasi hazijachanua. Na wewe utie mafuta mlango wako."

Lori lilipoondoka tupu, Gölin alibaki jabalini na Lisbet, wakisubiri ng'ombe wanywe. Alimpa msichana mtandio ule, alioukamua maji.

"Kesho utaita wewe."

"Majros hatanijali, shangazi."

"Hatakujali kesho. Kesho kutwa atainua kichwa. Uamke umande ukiwa bado chini, usuuze pua kama mimi, na jioni upite njia ya ufukweni. Kisha simama hapa nilipo, uite mpaka aje. Mimi nitakuwa ndani, napika jibini, dirisha limefungwa. Nitakusikia tu."