Mtu Aliyeoka Buti

Baba yangu mdogo hajawahi kuvua samaki hata mmoja, lakini kwa miaka mingi amekula mshahara wa mto. Ni mtunza stoo wa klabu ya wavuvi, kule juu ambako maji ni ya baridi na mawe yana utelezi. Wafanyakazi wenzake humwita Bwana Stoo, naye huitika kama mtu aliyepewa cheo na serikali.

Wavuvi wa klabu hiyo ni watu wazima wenye fedha zao. Husimama mtoni maji yakiwafika mapajani, wakirusha ndoano iliyofungwa manyoya ili samaki adhani ni nzi. Samaki akidanganyika wanampiga picha, kisha wanamrudisha majini. Niliwahi kumuuliza baba mdogo maana ya kazi hiyo. Akanitazama kwa huruma. "Wewe umesoma," alisema, "lakini mambo ya wakubwa huyajui."

Wakubwa ndio dini yake. Meneja akikohoa, yeye hutafuta maji. Watu wengine hulamba viatu vya wakubwa kwa maneno tu; yeye alikabidhiwa viatu vyenyewe, rafu nzima, na ufunguo juu.

Hizo ni buti za kuingilia mtoni, nzito, zenye kamba ndefu. Zamani zilikuwa na soli za sufu iliyoshindiliwa. Soli hizo hushika jiwe lenye ukoko wa kijani kama kiganja, ila huisha upesi na hukauka kwa shida, na zinabeba matope na mbegu za magugu kutoka mto mmoja hadi mwingine. Klabu ikazipiga marufuku, na hapo sina ugomvi nayo. Zikaja za raba. Raba inadumu na inaoshwa ikatakata, lakini juu ya jiwe lenye ukoko ni sabuni, mpaka uitie njumu, yaani vichwa vya chuma vinavyouma mwamba. Meneja alikataa njumu. Zingekwaruza sakafu ya mbao ya ukumbi wa chakula. Alipima mguu wa mtu na ubao, akachagua ubao.

Baba mdogo akaona hapo mlango wa kujipendekeza. Kila jioni alizipanga buti zilizolowa juu ya boila, lile tangi linalochemsha maji ya vyumba, ili asubuhi mgeni avae kitu chenye joto. Wageni walifurahi. Siku moja mmoja wao alimpiga begani. Siku hiyo nyumbani hatukulala kwa kusimuliwa bega.

Sasa, mkewe ni mwongozaji wa wavuvi. Mama mdogo ndiye anayetangulia majini, anamshika mgeni mkono, anamwonyesha pa kukanyaga na pa kutupa ndoano. Anaupenda mto ule kuliko anavyompenda mumewe, na mimi simlaumu. Alimwonya mara nyingi, mbele yangu, akikatakata mboga.

"Buti si mkate, mzee. Unazioka. Gundi italegea."

"Wewe shughulika na samaki wako, mama watoto. Stoo ina mwenyewe."

Gundi ikalegea. Asubuhi moja, katikati ya maji yaendayo kasi, soli ya buti ya kulia ya mama mdogo iliachama kama mdomo wa chura, akaanguka na mgeni mkononi. Mgeni alipoteza kofia na heshima. Mama mdogo aligonga goti kwenye jiwe, goti likavimba kama boga. Soli yenyewe ilikwenda na maji.

Meneja hakuuliza goti linaendeleaje. Alitoa uamuzi: mama mdogo umri umemtupa mkono, miguu imechoka, atolewe mtoni apelekwe kufua mashuka. Yeye mwanamke aliyejua kila jiwe la mto ule, akasuguane na foronya kwa sababu ya gundi.

Tulimfuata Meneja stoo, mimi nikimshika mama mdogo mkono kwa sababu alikuwa anachechemea. Stoo ilinuka raba ya moto. Mama mdogo alisema kosa si la miguu yake, ni soli iliyobanduka. Meneja alimgeukia baba mdogo. "Bwana Stoo, buti zilikuwa nzima?"

Nilimtazama. Mama mdogo alimtazama pia. Neno moja tu lilitakiwa kwake, na mtu aliyelala naye kitanda kimoja tangu ujana wake alikuwa analingoja.

"Nzima, bosi," alisema baba mdogo. "Kabisa."

Nilitaka kumrukia. Mama mdogo alinibana mkono, kisha akachukua jozi nyingine juu ya boila, bado ina joto, akaiweka miguuni pa mumewe.

"Bosi, hizi zimekaa pamoja na zangu. Bwana Stoo anasema ni nzima. Avae, aende hadi lile jiwe jeusi katikati, arudi. Akifika, mimi nakwenda kufua bila neno."

"Mama watoto, mambo gani haya," alisema baba mdogo akicheka peke yake.

"Kwani ni mbali? Wageni wanakwenda na matumbo yao."

Meneja alitazama saa, akatazama mto. "Kuna ubaya gani? Vaa, Bwana Stoo."

Akavaa. Alifunga kamba polepole kama anayefunga mzigo wa safari ya mwaka. Tulishuka hadi ukingoni. Wapishi na wafagizi wakatufuata wakijifanya wana kazi upande ule. Baba mdogo aliingiza mguu mmoja. Maji yalimfika kifundoni, na maji yale yana nguvu, yanavuta. Akasimama.

"Nenda, Bwana Stoo," mpishi alimwambia. "Samaki hawaumi."

"Bosi," alisema baba mdogo bila kugeuka. "Gundi huenda imelegea. Kidogo tu."

"Imelegezwa na nini?"

"Joto."

"Joto gani huku, sisi tunavaa makoti?"

"La boila, bosi. Ziliwekwa pale."

"Na nani?"

Hakuna aliyemsaidia.

"Na mimi."

Ndivyo ukweli ulivyomtoka: si kwa dhamiri wala kwa kumpenda mkewe, bali kwa kuogopa kulowa. Meneja alipandwa na hasira, lakini kwa ajili ya bei ya buti; goti hakulitaja hata wakati huo. Alisema mama mdogo abaki mtoni, na buti zianikwe kivulini penye upepo.

"Na njumu, bosi," alisema mama mdogo.

"Sakafu yangu je?"

"Tutavua mlangoni. Kuvua viatu tunajua, hata bila semina."

Wapishi walicheka. Meneja, aliyekuwa ameshaaibika vya kutosha kwa asubuhi moja, alikubali.

Njiani nilimwambia mama mdogo kwamba mimi ningemfukuza mume wa aina ile, aende akalale kwenye hilo boila. "Nyamaza," alisema. "Wewe hujaoa."

Goti lilipopona alirudi majini na njumu zake, na mgeni wa kwanza alilalamika kwamba buti zina baridi. Baba mdogo alimwomba radhi kwa kuinama. Jioni nilimsikia kibarazani akiwahadithia majirani jinsi alivyojitosa mtoni kuokoa kazi ya mkewe.

"Ulijitosa hadi wapi?" mama mdogo aliuliza kutoka ndani.

"Nilikuwa nasema kwa ufupi tu."

"Waambie na urefu wa maji."

Baba mdogo akaomba aletewe chai.

"Jiko liko pale pale," mama mdogo alisema, akaendelea kukaza njumu zake.