Walipigia Isukuti Injini Niliyoitengeneza kwa Mikono Yangu

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana wakwe zangu wote wako kwa huu ukurasa na ndio huwa wa kwanza kutoa maoni. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nimeolewa Malinya, nina watoto watatu. Kazi yangu ni kuuzia mahoteli ya Kakamega mjini kuku wa kienyeji, na nawapeleka kwa gari langu la turbo. Ndiyo, kuku kwa gari la turbo. Cheka, ukimaliza tuendelee.

Hilo gari nililinunua kwa jasho la kuku wangu, likiwa limekufa. Lilikuwa linatoa moshi wa buluu mpaka majirani wanafunga madirisha. Mafundi wa mjini waliniambia niuze kama vyuma vikuukuu. Mimi ni mkaidi. Nilikaa na simu nikaangalia video za watu wakifungua turbo, nikarudia mpaka nikaelewa ugonjwa wake: kile kimrija chembamba kinachopeleka oili kwa turbo kilikuwa kimeziba, turbo ikawa inazunguka kavu mpaka ikajiua. Nikatafuta turbo ya mtumba, nikaweka mrija mpya, nikamwaga oili ya zamani yote. Kazi hiyo niliifanyia nyuma ya zizi, kucha zangu zote nyeusi. Mume wangu alikuwa akipita na wenzake anacheka, "Muone fundi wangu, leo atanisongea obusuma ya oili." Siku injini iliwaka bila moshi nililia. Yeye aliuliza tu kama sasa naweza kumpeleka matanga Mukumu.

Nikaingilia rangi. Niliisugua, nikaing'arisha, nikapaka ile dawa ya kulinda rangi kwa kitambaa laini, mlango mmoja baada ya mwingine, hadi unajiona uso kwa boneti. Hiyo dawa haitaki maji wala kuguswa mpaka ishike vizuri. Kisha mamangu akaugua huko Chekalini, ikabidi niende. Nilimwambia mume wangu kwa mdomo wangu huu, gari lisitoke hapa. Akasema sawa.

Nilipoondoka tu, ndugu yake, ambaye kwa mila yetu tunaitana mulamwa, akawa na fahali wa kupiganishwa na fahali mwingine. Kwetu fahali hapelekwi uwanjani kimyakimya, anasindikizwa kwa nyimbo, ngoma za isukuti na matawi. Mulamwa aliomba ufunguo na mume wangu akampa. Walifunga matawi kwa kamba juu ya gari lote, vijana wakakalia boneti. Na kwa vile wanapenda mlio wa turbo, walilisimamisha kando ya fahali kabla hata ya kuondoka bomani, mmoja akawa anakanyaga mafuta hadi mwisho, anaachilia, anakanyaga tena, na wapiga isukuti wanafuata mlio, eti fahali apandwe na hasira. Injini ndiyo kwanza imewashwa, oili haijapata hata joto. Turbo haifanyiwi hivyo, na kama hujui unauliza.

Fahali alishinda. Turbo ikafa.

Nilirudi nikakuta milango ina matope ya viganja vya watu, boneti imechorwa na matawi kote, na nikiwasha ni ule moshi wa buluu tena. Nikauliza nani alitoa gari. Mulamwa akanijibu bila haya, "Mulamwa, fahali ameshinda na wewe unalilia rangi? Kwani rangi inakuliwanga?" Nikamwambia akili yake na ya fahali wake ni moja, tena ya fahali ina nafuu. Nilisema na sijutii.

Basi hiyo ndiyo ikawa kesi. Baba mkwe aliitisha kikao, si juu ya gari langu, juu ya mdomo wangu. Eti kumtukana fahali aliyeshinda ni kuletea boma mkosi, kwa hivyo niombe msamaha. Nikamgeukia mume wangu angalau aseme neno. Akasema, "Mzee, hiyo gari isiwasumbue. Si alitengeneza mwenyewe? Atatengeneza tena." Wakacheka, na kikao kikaishia hapo. Hayo maneno yaliniuma kuliko ile turbo, kwa sababu aliyasema kama mtu anayeagiza chai.

Na kweli nimetengeneza tena. Nimepelekea watu kuku kwa bodaboda, kuku wengine wamekufa kwa jua njiani, mpaka nikapata turbo nyingine. Wiki hii wakiwa shambani niliwasha, hakuna moshi hata kidogo. Halafu nikachomoa kifaa kidogo kinachowasha pampu ya petroli, bila hicho injini haiwaki, nikakificha kwa mkebe wa majani chai. Nikawaambia bado nahangaika.

Sasa Jumamosi fahali anapigana tena. Mulamwa amekata matawi tayari, yako nje ya mlango wangu. Jana mume wangu ameniambia, "Mke ni wa boma, na gari ni la boma. Jumamosi lisipotangulia fahali, wewe ndiye utatoka hapa." Hakupandisha sauti hata kidogo. Aliendelea kula ingokho, kuku niliyemchinjia mimi.

Kukirudisha kile kifaa ni kazi ya dakika moja. Ndugu zangu mnaosoma hapa, nishaurini. Nikirudishe nimpe mulamwa ufunguo? Ama nikirudishe, nipakie watoto na vizimba vyangu vya kuku, nikae kwa usukani niiache injini ipate joto polepole vile inavyotakiwa, boma lote likiangalia, ndipo niende? Msiniambie nivumilie. Hiyo nimeshaifanya.