Nyumba ya Baba Kule Ziwani

Baba yangu alikuwa na nyumba kubwa kule ziwani, na hiyo nyumba ilijengwa na matusi. Sisi tulizaliwa kwa kempu ya wafanyakazi wa majani chai hapa Kericho, yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa, na Kipsigis alikuwa anaongea mpaka ng'ombe za wenyeji zinageuka kuangalia. Lakini kura ikikaribia, hakukosi mtu wa kumwambia, "Wewe Mjaluo, rudi kwenu." Baba hakurusha jiwe. Alicheka tu, halafu akaongeza chumba.

"Nirudi? Nikirudi mtalia nyinyi! Kwetu kuna nyumba ya vyumba sita. Mabati yake ikipigwa na jua, ndege huko juu inafunga macho."

Supavaisa akimuita mtu wa kuja, nyumba inapata veranda. Mwaka tulifukuzwa tukalala kanisani, nyumba ikapanda ghorofa. Kwa urefu ilikuwa imepita ofisi za kaunti pale Bomet. Mimi mwenyewe nilijigamba nayo shuleni, hizo siku chache kabla shule haijanishinda.

Halafu baba akafa. Kwa kempu hakuna kuchimba kaburi, udongo yote ni ya chai. Kampuni ikatoa lori tumpeleke kwao. Hiyo lori ilijaa mpaka magurudumu ikapiga magoti! Nusu walikuja kulia, nusu walikuja kuona ghorofa. Hata mzee jirani, Mkipsigis ambaye shamba yake inapakana na kempu, rafiki ya baba kabisa, alivaa koti yake ya harusi.

Tukafika. Kulikuwa na mahindi. Mahindi ya watu, mpaka kwa barabara.

Mama mmoja mzee sana akatoka, nikamwambia jina ya babu yangu. Akafikiria.

"Yule aliyeenda chai na bibi yake? Nilisikia watu wakimtaja nikiwa msichana. Hakurudi."

"Huyu ni mtoto yake, mama. Tumemleta."

"Sasa mtamweka wapi, nyathina, mtoto wangu? Hii shamba iko na wenyewe. Na mwanaume bila nyumba hazikwi hivi hivi, lazima ajengewe kwanza, hata kibanda. Mtajenga kwa nani?"

Wenye mahindi walikuwa wamesimama pale. Hawakutukana. Walitupa pole na maji ya kunywa, na wakaendelea kusimama.

Ndani ya lori kijana mmoja akauliza, "Kwani ghorofa iko wapi?"

"Nyamaza wewe," mzee jirani akasema. "Iko mbele kidogo."

Lakini dereva alikuwa ameshageuza.

Tulipopita Sotik huyo mzee akanishika mkono. "Mleteni kwangu. Kuna kona pale nyuma ya boma ya ng'ombe." Mimi nikalia hapo zaidi ya nilivyolia siku baba amekufa, wacha niseme ukweli, machozi ingejaza debe mbili.

Vijana yake walikuwa wameshapigiwa simu, wanangoja kwa geti.

"Hapana, baba," yule mkubwa akasema. "Huyu mzee tulimpenda, hata wewe unajua. Lakini akilala hapa leo, kesho watoto yake watasema hapa ni kwao."

"Shamba ni yangu!"

"Ni yako, baba. Lakini ni sisi tutabaki nayo."

Nikajaribu kuwachekesha. "Ndugu zangu, mimi nidai shamba? Mimi hata chenji naogopa kudai!" Wakacheka. Walicheka kabisa, mmoja akashika mbavu. Na geti hawakufungua.

Tulimzika kwa makaburi ya umma kule mjini, amebanwa katikati ya watu hatujui. Lori ilikuwa imebaki na watu wachache, wengine waliteremka kwa kempu bila kuaga. Mzee jirani aliimba wimbo ya kanisa kwa Kipsigis, peke yake.

Juzi nilienda kumwona. Misalaba ya mbao mtu ameshachoma kuni, makaburi imeongezeka, nyasi imefika kiunoni, na hiyo ya kiunoni siongezi. Nilizunguka mpaka mvua ikanipata. Sikumpata. Nikasimama katikati, nikatoa kofia, nikasalimia wote kwa Kijaluo. Wale hawakielewi, wanisamehe, sikujua nimesimama juu ya nani.